Asiyekuja Afuatwe

Mashabiki wa timu ile ya kijani walikuwa na sheria moja tu, na hawakuwahi kuiandika popote, kwa sababu walioiweka walikuwa watu wa kazi za mikono na kalamu kwao ilikuwa kitu cha kuchomeka nyuma ya sikio. Sheria ilisema: asiyekuja afuatwe. Ukikosa mechi, mahali pako kwenye ngazi za saruji hapakaliwi na mtu, hata uwanja ufurike vipi. Na mechi ikiisha, yule anayekaa kushoto kwako haruhusiwi kwenda kwake kuvua viatu kabla hajakuletea mechi nyumbani. Mechi yote, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Nawe mwenyeji huruhusiwi kuuliza matokeo. Unangoja mletaji afike kwenye bao, kama wenzako walivyongoja juani.

Kulia kwa Radi alikaa kinyozi. Kushoto kwake alikaa fundi baiskeli.

Radi alikuwa fundi rangi, mtu wa ngazi na makopo, ila jina hilo alilipata kwa ngoma. Ngoma ya timu ilikuwa kubwa, mtu mzima akiikumbatia vidole vyake havikutani upande wa pili. Radi aliipiga miaka kumi na tisa, mvua na jua, na watu walisema mchezaji wa timu pinzani akija kupiga penalti, kwanza huitazama ngoma, ndipo amtazame kipa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe akichukua kitambaa aifute vumbi, Radi alimwambia, "Mama, nifute mimi. Ngoma niachie mwenyewe."

Basi timu ikashuka daraja.

Ilishuka siku ya mwisho, kwa bao walilojifunga wenyewe, beki akimrudishia kipa mpira na kipa akiwa ameinama kufunga kamba za kiatu. Wanaume wazima walilia. Mwenyekiti wao, muuza mkaa mwenye kifua kama mlango, alilia mpaka machozi yakamchorea mifereji kwenye vumbi la mkaa. Radi hakulia. Alijitwika ngoma akaenda zake, na msimu mpya ulipoanza kule chini, kwenye viwanja visivyo na majani, mahali pake pakawa patupu.

Fundi baiskeli akaanza kumpelekea mechi.

Mwanzoni ilikuwa raha. Fundi alijua kusimulia. Alikuwa akisimama katikati ya chumba, mikono bado ina grisi, anakuwa refa, anakuwa winga, anakuwa yule mshika kibendera mwenye kitambi. Radi, amejilaza kwenye kochi, alikuwa akicheka na kusema, "Huyo refa macho kayaacha nyumbani, bwana." Wiki zikapita. Kicheko kikawa tabasamu, tabasamu likawa kutikisa kichwa, na mwisho Radi akawa anatazama ukutani na Fundi hajui kama anasikia au la. Pazia lilikuwa limeshushwa mchana kweupe. Mlangoni pale brashi zilikuwa zimegandia ndani ya kopo la rangi, ukiinua moja linakuja kopo zima. Na huyu alikuwa mtu aliyeosha brashi zake kabla hajaosha mikono yake! Fundi aliliona kopo lile. Aliliruka kila alipoingia, na kila alipotoka aliliruka tena.

Siku moja mke wa Radi alimsindikiza mpaka nje.

"Shemeji, mwenzako halali. Nikishtuka namkuta ameketi tu. Chakula anakizungusha kwenye sahani kama anatafuta kitu alichokipoteza."

"Vumilia, shemeji. Ni timu hiyo. Mimi mwenyewe tuliposhuka nilikaa siku tatu sisemi na mtu nyumbani. Tukipanda daraja, utakuja kuniambia."

"Na msipopanda?"

"Tutapanda," akasema Fundi, akapanda baiskeli yake.

Wote walifikiri hivyo. Kinyozi, ambaye hakuna msiba usiomtoa mzaha, alisema, "Radi ana mimba ya ligi kuu. Siku zikitimia atajifungua." Mwenyekiti akasema, "Mwacheni. Mwanaume akiumia hujikunja kama kobe. Akipoa atatoa kichwa." Usiwaone wabaya. Walimpenda. Msimu ule walishangilia kama watu wanaochota maji kuzima nyumba ya jirani, maana kila bao waliliona ni dawa ya Radi. Kosa lao ni kwamba maisha yao yote hawakuwa wamejua huzuni nyingine ya kutaja hadharani ila hii ya mpira. Mtu akinuna, waliuliza mmefungwa ngapi.

Na timu ikacheza, jamani. Ikafika siku ya mwisho inahitaji ushindi mmoja tu. Dakika ya themanini na tisa, beki mfupi waliyemwita Kizibo, ambaye tangu azaliwe hakuwa amefunga bao, alirusha kichwa kwenye kona. Mpira ukagonga mtambaapanya, ukamrudia mgongoni, ukaingia. Kwa mgongo! Uwanja ukapasuka. Fundi alikumbatiwa na watu asiowajua, akapoteza kiatu kimoja, akakipata, hakukivaa. Alikishika mkononi akakimbilia baiskeli. Wenzake wakamfanyia njia, wakipiga kelele, "Mpelekee! Mpelekee!"

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa alipofika. Alimkuta Radi ameketi wima, ameoga, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi. Moyo wa Fundi ukafurahi. Ahaa, kobe ametoa kichwa.

Akamsimulia. Hakuwahi kusimulia vile. Alimaliza sakafu yote ya chumba, kutoka lango hadi lango, na alipofika kwenye mgongo wa Kizibo akajigonga mwenyewe mgongoni kwa kiatu, akaanguka chini akicheka. Akangoja.

"Vizuri," akasema Radi kwa sauti tulivu. "Mmefanya kazi nzuri."

Kisha akainuka, akaleta jezi yake ya kijani, imekunjwa vizuri, akaiweka mapajani mwa Fundi. Akaivuta ngoma kutoka pembeni.

"Ichukue hii pia. Watu watataka kucheza leo. Vijiti vimo kwenye mfuko. Ngozi ikilegea muianike juani, msiipeleke motoni."

"Twende basi ukapige mwenyewe!"

"Tangulia."

"Shemeji yuko wapi?"

"Nimemwambia aende na watoto kwa dada yake, apumzike. Amenihangaikia sana yule."

Fundi akaifunga ngoma kwenye keria kwa vipande vya mpira, akaondoka akipiga kengele ya baiskeli. Alipita barabara ya kwanza. Alipita ya pili. Mshona nguo aliyekuwa akifunga duka akamwona, akashika kiuno.

"We fundi! Radi amekupa ngoma? Mwenyewe, kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake!"

"Makubwa haya! Mtu aliyemgombeza mkewe kwa kitambaa cha vumbi?"

Alisema kwa kucheka, lakini miguu ya Fundi ikasimama juu ya pedali. Ngoma. Jezi iliyokunjwa. Mke na watoto kwa dada. Lile "tangulia". Akiwa kazini, Fundi hupokea baiskeli, huzungusha gurudumu na kusikiliza, na sikio lake hujua kabla ya jicho kwamba kuna spoki iliyolegea. Leo mtu alikuwa ameketi mbele yake nusu saa na hakusikia kitu.

Akageuza. Aliendesha kama mwizi. Ngoma ikawa inagonga mgongo wake kila shimo, du, du, du, na watu wakampigia makofi wakidhani anasherehekea.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaupiga kwa ngumi mbili.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya mbali.

"Wa kushoto kwako! Fungua!"

Fundi akahesabu pumzi zake. Kisha komeo likasogea, na Radi akasimama pale na shati lake la pasi.

"Umesahau nini?"

"Nimekusahau wewe," akasema Fundi, akaingia bila kuruhusiwa, akamshika mkono juu ya kiwiko, kama unavyomshika mtu kwenye ukingo wa kisima. "Kaka, nitakuuliza neno moja. Usinifiche, na mimi sitakasirika wala sitakimbia. Unataka kujiua?"

Neno lile Fundi hakuwa amewahi kulitamka kinywani mwake. Alidhani likitoka nyumba itaanguka. Haikuanguka. Radi ndiye aliyeshuka taratibu, akaketi juu ya kopo jingine la rangi, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa nangoja mechi iishe," akasema. "Mlisema tukipanda nitapona. Wote mlisema. Hata mimi nikaamini. Nikakusikiliza leo, ukafika kwenye bao, nikangoja moyo uruke. Haukuruka. Nikasema basi, kama hata hili halinigusi, mimi nimeshakwisha. Kilichobaki ni kuondoka tu."

Fundi akahisi aibu ikimpanda kama maji ya moto. Mwaka mzima alikuwa analeta dawa isiyo ya ugonjwa huu.

"Kulitokea nini, kaka?"

"Ndiyo hapo. Hakuna! Mwingine amefiwa, mwingine ameunguliwa na nyumba. Mimi hakuna kilichotokea. Nachovya brashi kwenye rangi ya njano, naona maji ya kuoshea vyombo. Nitamwambia nani hilo? Kinyozi?"

Hapo walicheka kidogo wote wawili, huku Radi analia.

Fundi akachuchumaa mbele yake. "Sikia. Watu huniletea mpira wa baiskeli, wananiapia haukupita juu ya msumari wala mwiba. Kweli, haukupita. Lakini upepo unatoka. Nauzamisha kwenye karai la maji, viputo vinatokea, kumbe kuna tundu dogo jicho haliwezi kuliona. Je, kwa kuwa hakuna msumari, pancha ni ya uongo?"

Radi akajifuta macho kwa kiganja.

"Ila hii yako siwezi kuiziba mimi. Kuna watu waliosomea. Twende hospitali."

"Kesho."

"Leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kije kikuumbue wewe."

"Watu wote wako barabarani. Watanionaje?"

"Watakuona umekaa kwenye keria yangu. Wengi watakuonea wivu."

Akaishusha ngoma, akampandisha Radi mahali pake. Mtu mzima wa kazi ya ngazi na makopo si mzigo mdogo, na gurudumu la nyuma likalia. Wakatoka hivyo.

Barabara kubwa ilikuwa kijani tupu. Kulikuwa na tarumbeta, masufuria, wanawake wamejifunga bendera kiunoni, Kizibo mwenyewe amebebwa mabegani akionyesha watu mgongo wake. Mtu mmoja akaona nani yuko kwenye keria, akapaza sauti, na jina likaenda kutoka mdomo hadi mdomo. "Radi! Radi! Radi!" Wakawazunguka. Kinyozi akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Bibi harusi ametoka ndani! Haya, mtoto wa kike au wa kiume? Na ngoma iko wapi?"

Fundi akafungua kinywa kusema uongo wowote, kwamba wanakwenda kuchukua kitu, kwamba watarudi sasa hivi. Kabla hajasema, keria ikawa nyepesi. Radi alikuwa ameshuka. Akasimama katikati ya umati na shati lake jeupe, mikono imekufa ubavuni.

"Sikuja kushangilia," akasema. Wa karibu wakanyamaza, wa mbali wakanyamazishwa. "Naumwa. Si kichwa, si tumbo. Naumwa humu ndani, mwaka mzima sasa. Si kwa sababu tulishuka, na kupanda hakukuniponya. Naenda hospitali. Nisipokwenda leo, sijui kama kesho mtanikuta."

Masufuria yakashushwa. Tarumbeta moja ilimalizia pumzi yake, ikakata. Kinyozi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hapakuwa na kitu ndani.

Fundi alikuwa ameona mabao mengi. Ameona la mgongo saa moja iliyopita. Lakini kumwona mtu anasimama mbele ya wanaume wenzake wote, bila ngoma, bila jezi, akasema neno ambalo baba yake hakulisema na babu yake hakulisema, kulimjaza kifua mpaka vifungo vya shati vikambana. Alitaka kumwambia kila mtu pale, huyo mnayemwona, mimi ndiye ninayekaa kushoto kwake.

Mwenyekiti akapasua watu kwa mabega. Akamtazama Radi, akajifuta uso kwa mkono wa mkaa.

"Sheria inasemaje?" akauliza kwa sauti.

"Asiyekuja afuatwe," wakajibu wachache.

"Sijasikia!"

"Asiyekuja afuatwe!"

"Basi njia. Tembeeni, na tarumbeta zinyamaze. Huko kuna wagonjwa."

Wakatembea. Radi katikati, Fundi akikokota baiskeli kushoto, Kinyozi kulia, na nyuma yao wanaume thelathini na zaidi wa kijani, kimya kama wanafunzi wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu. Kizibo alishuka mabegani akafuata kwa miguu yake.

Muuguzi wa zamu alipowaona langoni akasimama kwa hofu. "Kumetokea ajali?"

"Hapana, mama. Tumepanda daraja," akasema Mwenyekiti.

"Mgonjwa ni nani?"

Radi akainua mkono.

"Na hawa wengine wote ni nani zake?"

Mwenyekiti akafikiri. "Tuseme wanakaa kushoto kwake."

"Dada," akasema Kinyozi, "anzeni naye huyu. Wengine tutarudi." Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu barabarani. Kinyozi mwenyewe hakucheka, lakini jioni ile hapakuwa na mtu wa kuliona hilo.

Siku ile Radi alilazwa. Mkewe alifika mbio, kanga begani, akakaa naye, na kesho yake akamkuta Fundi kwenye benchi la nje.

"Nilikuuliza, na msipopanda? Hukunijibu, shemeji."

"Nilikosa, shemeji."

"Ulikosa. Tena sana." Akakaa karibu naye, akamkabidhi kikombe cha chai. "Lakini ulirudi. Kunywa, haijapoa."

Isidhaniwe kwamba dawa ilimezwa leo, kesho mtu akaimba. Kulikuwa na vidonge, na kila wiki kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuuliza, na Radi alisema yule mama ana subira kuliko ukuta. Kuna wiki alizosonga mbele na kuna wiki alizorudi kwenye kochi. Siku moja Fundi alipita akakuta lile kopo mlangoni halipo. Brashi mpya tatu zilikuwa zimeoshwa, zimelazwa juani. Fundi alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama huko peke yake kidogo, ndipo akabisha hodi.

Ligi kuu ilipoanza, Radi hakuja mechi tatu. Akafuatwa mara tatu. Ya nne alikuja, akakaa mahali pake bila ngoma, na hakuna aliyemsemesha zaidi ya kumwambia sogea. Ngoma ilikuwa kwenye banda la Fundi, kati ya magurudumu, na kila siku ya mechi Fundi aliifunga kwenye keria, akaileta, akaiweka mbele ya Radi, na akairudisha ilivyokuja. Mechi ya saba walifungwa. Walifungwa vibaya, tatu bila, nyumbani kwao. Bao la tatu lilipoingia, watu wameinamisha vichwa, Radi akatoa vijiti kwenye mfuko wa ngoma.

Du.

Uwanja mzima ukageuka. Du. Du. Kipa wao, amelala chini na mpira uko nyavuni nyuma yake, akainua kichwa kama aliyeitwa na mama yake.

"Unapiga ya nini?" shabiki wa wageni akamkejeli kutoka chini. "Mmefungwa tatu!"

"Najua," akasema Radi. "Nimeyaona yote." Akaendelea kupiga.

Tangu hapo sheria ikaota mkia. Mletaji akimaliza mechi, haondoki. Anakaa, na mwenyeji naye anasimulia yake, ya wiki nzima, bila kuruka dakika. Wengine walijibu "salama tu" na kwenda zao. Wengine walishangaza.

Msimu ukiwa katikati, Jumamosi moja, mahali pa kinyozi palikuwa patupu. Mechi iliisha bao moja kwa moja. Watu wakaanza kushuka ngazi, na Radi akamgeukia Fundi.

"Nani anakaa kushoto kwa Kinyozi?"

"Si wewe?"

"Nipe baiskeli."

Fundi akampa. Lile gurudumu la nyuma alikuwa ameshalinyoosha, spoki kwa spoki, mpaka likazunguka bila sauti.

"Ngoma ipeleke kwako," akasema Radi, akipanda. "Na chai msinisubiri. Kwa Kinyozi nitachelewa. Yule akianza, ana mengi."

"Bao letu usimpunje. Kizibo ndiye aliyelianzisha."

"Utanifundisha mpira wewe?"

Akaenda. Fundi akaibeba ngoma kifuani, mikono imeikumbatia na vidole havikutani, akasimama barabarani anamtazama akiikaribia kona. Mshona nguo akapita, akamuuliza anangoja nini.

"Simngoji mtu," akasema Fundi. "Namtazama yule."